Mbio za Mwisho za Velma

Msimu ule Kerubo alikuwa amekosa mashindano matano ya binti yake ya kuteleza kwenye theluji, yote kwa sababu ya kazi. Katika hospitali ya mji wa Saint Paul, huko ughaibuni, alikofanya unesi, Jumamosi haikuwa na tofauti na siku nyingine. Lakini haya ya sita, ya kufunga msimu, aliapa kwamba hatayakosa. Alibadilishana shifti na mwenzake Chepkemoi wiki mbili kabla. Siku yenyewe akaamka mapema nyumbani kwao Apple Valley na kuvaa koti zito ambalo, kufikia saa nne, lilikuwa limeshamtoa jasho.

Machi ilikuwa inaisha. Nyasi za kahawia zilishatokeza kando ya barabara, na kile kilima cha kuteleza kilibakiwa na theluji iliyotengenezwa kwa mashine tu, ukanda mweupe uliolowa kama uji. Maegesho yalikuwa matope matupu. Velma, msichana wa miaka kumi na sita, alishuka garini, akatia begani skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea, na kuwafuata wenzake bila kugeuka.

"Tutasimama wapi ndio tumwone?" Kerubo akauliza.

"Hapa chini huoni kitu," akajibu Naftali, mumewe. Yeye ndiye aliyemleta Velma kila wiki, na tangu asubuhi alikuwa akimweleza Kerubo kila jambo kana kwamba alishuka kwenye ndege jana. "Tupande vile viti vinavyovutwa na waya hadi juu, pale wanapoanzia. Mwendesha mitambo ananijua, atapunguza mwendo."

"Baba Velma, unajua mimi na vitu vya kuning'inia."

"Ni dakika nne tu."

Wakapanda. Dakika ya tatu kiti kikatikisika, kikasimama, kikabaki kikiyumba juu ya mteremko. Kerubo alikamata chuma cha mbele kwa mikono miwili. Zikapita dakika tano, kisha kumi. Maji yalidondoka kutoka kwenye waya, yakamwingia shingoni.

"Hii huwa inatokea," Naftali akasema. "Mota ikipata moto wanaizima kidogo."

"Huwa inatokea, na hukuniambia."

"Ningekuambia ungekataa kupanda."

Kerubo aliona kwamba akifungua mdomo atasema mengi, na hapakuwa na mahali pa kwenda baada ya kuyasema.

Kipaza sauti kikaita jina la Velma.

Alikuja kwa kasi ambayo mama yake hakuitazamia. Alikuwa amejikunja, magoti yakilala huku na kule, akikwepa milingoti myekundu na ya buluu kana kwamba anaisukuma pembeni kwa mabega. Kerubo akasahau shingo iliyolowa. Kisha, karibu chini yao kabisa, skii moja ikazama kwenye theluji laini. Velma akapinduka, akaburuzika na kutulia akiwa ameshika goti.

Miaka kumi na minane Kerubo alikuwa amekimbia kwenye korido kuwafikia watu asiowajua. Huyu wake alikuwa amelala pale, na yeye alikuwa juu kama ghorofa ya tatu. Aliinuka kidogo kitini. Naftali akamvuta koti.

"Velma, usisimame," Kerubo akapaza sauti. "Usikunje goti. Mwambieni asisimame, mimi ni nesi."

Watu wote chini wakainua nyuso kutafuta sauti ilikotoka. Velma naye akatazama juu. Akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba yuko sawa na tafadhali aache kupiga kelele.

Halafu akafanya jambo ambalo Kerubo hakulielewa. Badala ya kuondoka, akaanza kupanda mlima kwa ubavu, hatua ndogo ndogo, akichechemea.

"Anaenda wapi?"

"Alikosa kuzunguka mlingoti mmoja," Naftali akasema taratibu. "Asipourudia hawatamhesabu."

Velma akaufikia mlingoti, akauzunguka, akamaliza. Alikuwa wa mwisho kabisa. Watu wachache walipiga makofi, na Kerubo hakuwa mmoja wao, maana mikono ilikuwa imeng'ang'ania chuma.

Kiti kilipoanza kwenda, kilikwenda juu. Ilibidi wafike kileleni, wazunguke na kurudi polepole. Walipokanyaga matope, Velma alikuwa ameketi benchini, viatu amevua, goti limeshaanza kuvimba.

Kerubo akapiga magoti na kulipapasa. Halikuwa limeteguka. Akajaza theluji kwenye mfuko wa plastiki.

"Umeniaibisha mbele ya timu nzima," Velma akasema, safari hii kwa Kiswahili, kusudi wenzake wasielewe.

"Niliona umeumia."

"Kila mtu aliona. Wewe ndiye ulipiga nduru."

Kerubo akashika mfuko juu ya goti. Alitaka kusema kuhusu ule mteremko, jinsi alivyoshuka, jinsi alivyorudi kupanda.

"Mwaka ujao niandikie tarehe mapema," akasema. "Kabla hawajapanga shifti."

Velma akamnyang'anya mfuko wa theluji, akauweka mwenyewe.

"Mum," akasema, "tarehe zilikuwa zimebandikwa kwenye mlango wa friji tangu Novemba."