Bodi Isiyotobolewa

Gari dogo la kijivu liliingia uani kwa akina Tveit likiwa limeinama nyuma, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Karna alikuwa ndani ya bodi ya pikapu ya marehemu baba yake, kitambaa mkononi, anaifuta ing'ae. Mnunuzi angekuja mchana.

Akashuka mzee mrefu mwenye kofia pana, ambaye Karna hakuwahi kumwona.

"Nimekileta," mzee alisema kwa furaha.

"Umeleta nini, mzee?"

"Kiungio!"

Akafungua buti. Ndani mlikuwa na dude jeusi la chuma, lenye sahani pana na meno ya kubana, pamoja na reli mbili nzito. Karna alilijua. Hufungwa katikati ya bodi ya pikapu, na trela kubwa ya kuishi huingiza shingo yake humo ikakokotwa. Asilolijua ni kwa nini limemfuata yeye.

"Halvor yuko ndani?"

"Baba alifariki mwezi wa nane."

Mzee akavua kofia. Akaitazama ghala, akaitazama pikapu, kisha akamtazama Karna, kama anayesubiri mmojawapo akanushe. Akaketi kwenye ngazi.

Karna akamuuliza kama angependa kahawa. Katika sehemu ile ya Dakota Kaskazini mtu hukataa kahawa mara mbili kwanza, ndipo akubali kwa shingo upande. Mzee alisema, "Ndiyo, na sukari." Karna akabaki ameduwaa, birika mkononi.

Jina lake lilikuwa Merle, na kwao ni Oklahoma. Alikutana na Halvor mara moja tu, kwenye mnada wa ng'ombe wakati wa kiangazi, wakala keki ya matunda benchi moja. Baada ya hapo mkewe, Opal, alilazwa hospitali mjini Bismarck. Injini ya pikapu ya Merle, alimofungua kiungio hicho, ilikufa, akabaki na lile gari dogo tu, na trela yao, ambayo ndiyo nyumba yao, ilibaki kwenye kambi ya ziwani. Ijumaa kambi ingefungwa kwa ajili ya baridi, na maji yangekatwa. Kanisa moja karibu na hospitali lilikubali aiegeshe uani kwao. Kilichokosekana ni wa kuivuta. Kila pikapu wilayani ilikuwa kwenye mavuno ya viazisukari.

"Halvor aliniambia, 'Ukikwama, njoo. Pikapu ipo.' Nimekwama, binti. Nimekuja."

Karna akaigeukia pikapu. Maneno hayo baba yake aliwaambia watu wote! Alimwambia muuza bima huku akimfungia mlango. Hapo kwao ndiyo namna ya kuagana, na tangu azaliwe hakuwahi kuona mtu akija kweli. Tena Halvor huyo huyo, kwa miaka yote, hakuruhusu hata skrubu iguse bodi ile. Alitandika mpira, akaiosha kwa mkono, akajisifu nayo kila mahali: haijatobolewa. Ndiyo sababu Duane Kopecky, mkusanyaji wa pikapu za zamani, aliitaka. Na fedha za Duane ndizo zingemrudisha Karna chuo cha uuguzi kwa muhula wa mwisho.

Angemwambiaje mzee huyu? Akasema wanavyosema kwao mtu anapotaka kukataa bila kukataa:

"Usiwe na wasiwasi, mzee. Tutafanya mpango."

"Mungu akubariki!" Merle akainuka, akaenda kutoa drili.

Karna akamfuata ili amweleze. Punde akajikuta ameshika upande mmoja wa reli, asijue amekubali saa ngapi. Waliziweka, Merle akapima, akachora chaki.

"Chungulia chini, binti, usije ukanitobolesha balaa."

Karna akalala chini ya gari na tochi. "Simama! Hapo chini pana bomba la breki. Halafu mbona umeenda nyuma ya ekseli? Uzito ukikaa huku, pua ya gari itanyanyuka. Baba alisema shingo ya trela ikae mbele ya ekseli kidogo."

"Kumbe alikufundisha?"

"Alinifundisha. Ila..." Karna akatoka, vumbi nyweleni. "Mzee, ulimwelewaje alipokwambia uje?"

Merle akashangaa. "Nilimwelewa alivyosema."

Walikuwa wamesogeza reli mahali pake Duane alipofika, tumbo likitangulia.

"We! Weka chini hiyo drili! Karna, umerukwa na akili? Halvor atafufuka akuzabe makofi!"

"Alimwahidi mzee huyu kumvutia trela."

"Halvor? Alimwahidi hata mbwa wa posta!" Duane akacheka. "Babu, huku kwetu 'njoo' maana yake 'kwaheri'. Tundu moja tu hapo, dada, mimi siitaki tena. Chagua."

Merle aliwatazama wote wawili. Polepole uso wake ukaiva kwa aibu. Akaokota spana, akaokota bolti, akaanza kuzirudisha kwenye mfuko.

"Nisamehe, binti. Kwetu mtu akisema njoo, watu huenda. Kumbe na wewe uliposema tutafanya mpango..."

Akaufunga mfuko. Karna akaitazama alama ya chaki kwenye bodi. Je, baba alimaanisha? Angetoa chochote kumuuliza. Lakini yeye mwenyewe alisema nini asubuhi ile, na alimaanisha nini? Hakujua hilo pia. Alijua tu kwamba kuna mtu aliyasikia maneno yake akayaamini.

Akaichukua drili.

"Nilikwambia tutafanya mpango, mzee. Shika reli."

Chuma kilipiga kelele. Unga wa rangi ya samawati ukaruka, na mwanga kutoka chini ukachungulia kupitia tundu la kwanza. Duane alilitazama kama anayetazama kaburi. Akaingia garini mwake, akaondoka bila kupunga kidole, jambo ambalo huko ni tusi.

Alhamisi walikuwa ziwani. Karna alirudi nyuma taratibu, mlango wa bodi umeshushwa, hadi meno ya kiungio yalipoibana pini ya shingo ya trela. Merle alitaka kupandisha miguu ya trela papo hapo.

"Bado! Weka vizuizi vya matairi kwanza, nijaribu kuvuta."

Akavuta kidogo. Ikashika. Wakapandisha miguu, wakaondoa vizuizi, na Merle akaketi kando yake akiwa na gauni la Opal la kulalia kwenye mfuko wa karatasi magotini.

Njia nzima Karna aliitazama nyumba ile nyeupe kwenye kioo, ikimfuata kona kwa kona. Hakujua angefanya nini mwezi wa kwanza, wenzake wakirudi darasani. Uani mwa kanisa aliiegesha taratibu, dirisha la jikoni likielekea hospitali, kama Merle alivyoomba.