Kusindikizwa Kwenda Yafa

Kosa langu ni kunyamaza. Jumuiya yetu ya Waswahili ilipokaa kikao mjini Oakdale, hapa Marekani, kuchagua wa kuongoza hija ya Yafa, mwenyekiti wetu Protas alitaja jina langu, akina mama wakapiga vigelegele. Nani kama Redempta? Si ndiye anayetufundisha Matendo ya Mitume? Nyumba ya Simoni mtengenezaji wa ngozi kule Yafa anaijua kama jikoni kwake! Nami badala ya kusema siwezi, nikatabasamu. Mjinga mimi.

Makaratasi yangu ya ukaazi hayajatoka, mwaka wa tatu sasa. Wakili alishaniambia wazi: nikitoka Marekani bila kibali cha safari, faili limekufa, sirudi. Na binti yangu Tulia yuko darasa la nne hapa mjini Maple Grove. Nilijidanganya kwamba kibali kitafika kabla ya siku. Kila jioni nafungua sanduku la barua, nakuta matangazo ya piza.

Mbona sikusema? Aibu, jamani. Mwalimu mzima hana makaratasi! Habari ingefika mji wa jirani, Champlin, kabla sijainuka kwenye kiti.

Jumamosi ya safari, saa nne asubuhi, wakanijia na magari manne, maana kwetu msafiri hapelekwi na mtu mmoja. Mama Bernardine, mkubwa wa akina mama, akanishika mkono njia nzima, haachii. Nilitamani kulia. Yona alimkimbia Mungu, na bado pale Yafa akapata meli. Mimi sijamkimbia yeyote, nimebanwa kiti cha nyuma na mkanda nimefungwa.

Uwanja wa ndege, kwenye ukaguzi, mahujaji wenzangu wanane wakaanza kupanga foleni. Protas akanipungia.

"Mwalimu, twende!"

Nyuma yangu wasindikizaji wanaimba, polisi wanatutazama. Mbele ni hatua kumi tu. Nikamnong'oneza Mama Bernardine.

"Mama, siwezi kwenda. Makaratasi bado. Nikipita hapa, Tulia ndiyo basi tena."

Nilijua atanigombeza. Hakunigombeza. Alimfuata Protas, akamwambia mwalimu tumbo limemkamata, aongoze yeye. Akarudi, akanivuta pembeni.

"Mwaka jana hija ilikwenda Roma. Nani alisindikiza?"

"Wewe, mama."

"Mwaka juzi?"

"Wewe. Na mzee Pacifique. Na Habimana, na..."

Nikageuka kuwatazama waimbaji, watu kumi na mmoja. Wote nawafahamu kwa miaka, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumwona akipita pale kwenye ukaguzi.

"Mama yangu alizikwa Kigoma," akasema, "nami nimesimama hapahapa bila makaratasi, namwimbia mtu mwingine."

Nilimkumbatia, nikalia kwa sauti bila kujali nani ananiona. Akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Haya, pokea wimbo," akasema. "Wenzetu hawajapita bado."

Nikaupokea.