Mkanda Uliokataa Kukaa

Abbasi bin Khatibu alikuwa fundi wa baiskeli, cherehani, redio na chochote chenye skrubu pale Kasulu mjini, na alikuwa na tabia moja ambayo hata mkewe alichoka kuisemea: hakuwahi kukiri kwamba kitu kimemshinda. Kikimshinda, alisema ubovu ni wa kitu chenyewe au wa mwenye kitu. Saa ya ukutani ya Mzee Abdalah aliirudisha ikitembea kinyumenyume, na alipoulizwa akajibu kwamba mzee ameizoea vibaya.

Basi mwaka ule wa sabini na sita akapewa kazi ya kutengeneza mashine ya kukatia majani, ile ya kukalia kama trekta dogo. Kwa wiki mbili nzima akawa yeye ndiye aliyekaliwa.

Mashine iliachwa na wazungu waliokuja kujenga barabara. Walipofunga virago, ikapelekwa kiwanja cha ndege, ambacho kilikuwa uwanja mrefu wa majani, wenye mlingoti mmoja na soksi ya upepo iliyotoboka. Majani yakipita magoti, ndege ya daktari wa macho haitui. Zamani watu ishirini walifyeka wiki nzima, wakimaliza upande huu, upande ule umeshaota tena. Sasa mtu mmoja tu alikaa juu ya mashine na kumaliza kazi kwa siku moja. Mtu huyo alikuwa Venanti, mtu wa Nyakitonto, mwembamba, mpole, aliyekuwa mmoja wa wale wafyekaji ishirini. Siku alipokabidhiwa usukani alikwenda nyumbani akalitundika fyekeo lake juu kabisa ya ukuta, mahali ambapo angelihitaji ngazi kulishusha.

Tabu ilikuwa mkanda. Kwenye mashine ile, nguvu ya injini huenda kwenye magurudumu kwa mkanda mmoja wa mpira unaozunguka puli mbili, vigurudumu vyenye mfereji, na katikati kuna puli ndogo ya kuukazia, inayovutwa na springi. Ukikanyaga pedali, mkanda unalegea na mashine inasimama. Ukiachia, springi inaukaza na mashine inakwenda. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Mashine ya Kasulu ilikwenda, ikasimama, kisha mkanda ukaruka nje na kulala majanini.

Habari zikafika Kigoma. Injinia wa mkoa akaandika barua kwamba atakuja Alhamisi. Mashine ikimaliza uwanja wote mbele yake bila mkanda kuruka, itabaki. Ukiruka hata mara moja, itapakiwa kwenye lori iende Kibondo, ambako nao walikuwa na kiwanja, tena walikuwa na fundi Pasikali. Na Pasikali alikuwa ameshatuma salamu kwamba yeye apewe saa moja tu.

Hapo ndipo pilipili ilipomwingia Abbasi jichoni. Pasikali alikuwa mwanafunzi wake. Ni yeye Abbasi aliyemfundisha kushika spana, na kwa miezi sita ya kwanza aliishika kichwa chini miguu juu.

Abbasi akabadili mkanda. Akanyoosha puli kwa uzi, kama mwashi anavyopima ukuta. Akafunga springi mpya. Kila alipomaliza, aliipanda mashine mwenyewe, akazunguka uwanja mara tano, na mkanda ukatulia kama mkwe aliyekaribishwa chakula. Akamwachia Venanti, akaenda zake kunywa kahawa mjini. Kikombe cha pili hakijapoa, mtu anakuja mbio.

"Fundi, umeruka."

Akalaumu umande. Akamlaumu muuza mikanda. Akasema Venanti ni mwepesi mno, akamfungia jiwe la kusagia nyuma ya kiti ili kuongeza uzito. Mkanda ukaruka na jiwe likiwapo.

"Baba Zena," mkewe Adija akamwambia Jumapili usiku, akimwekea ugali, "mashine umeikagua wiki mbili. Dereva umemkagua?"

"Dereva ana mkanda?"

"Sijui. Mimi si fundi."

Kulipokucha Abbasi akaenda kiwanjani, akajikalisha juu ya pipa tupu la mafuta, akanuna na kutazama.

Katikati ya kiwanja palipita njia ya miguu. Ilikuwapo kabla ya ndege kubuniwa, na watu hawakuona sababu ya kuihamisha. Waliokwenda gulioni walipita hapo, na waliokwenda kwa daktari vilevile. Haukupita muda akatokea bibi mmoja na kikapu cha maharage kichwani. Venanti, aliyekuwa mbali naye kiasi cha hatua thelathini, akakanyaga pedali, mashine ikasimama. Kisha akaruka chini kama kiti kimeshika moto. Mguu wake ulipotoka ghafla, pedali ikarudi, springi ikapiga, na mkanda, ambao ulikuwa umelegea na haujakaa sawasawa kwenye mfereji wa puli, ukaruka na kuanguka majanini.

Venanti hakuuona. Alikuwa ameshachuchumaa mbele ya bibi yule, anapiga makofi polepole. "Mwakeye," akamsalimu kwa lugha ya kwao, na bibi naye akapiga makofi, akaitikia, wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mguu wa bibi, za mvua, za ng'ombe, na za jirani wa bibi ambaye Venanti hakumjua. Walipomaliza, Venanti akarudi, akainama, akauokota mkanda.

"Fundi, umeruka tena," akasema kwa huzuni ya kweli.

Abbasi alishuka kwenye pipa taratibu. Wiki mbili. Mikanda mitatu. Jiwe la kusagia.

"Bwana Venanti, kwa nini unashuka?"

"Namsalimu mama."

"Msalimu ukiwa umekaa."

Venanti akamtazama kana kwamba ameambiwa ateme mate kanisani. "Yeye amesimama na mzigo, mimi nimekaa juu, nimsalimu?"

"Mbona mimi nawasalimu nikiwa juu ya baiskeli, na baiskeli inakwenda?"

"Ndiyo, fundi," Venanti akasema kwa adabu zote. "Tunajua."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Abbasi kuliko barua ya injinia. Miaka kumi na tano alikuwa Kasulu tangu ahame Ujiji, na alidhani watu wanamwona mwepesi na mchangamfu. Kumbe walikuwa wakimvumilia.

"Basi nitakueleza," akasema, sauti imepungua. "Ukiruka, pedali inarudi kwa kishindo. Ndiyo inayoutupa mkanda. Usiposhuka, hauruki."

Venanti akafikiri, mikono nyuma. Kisha akasema, "Basi mashine iende Kibondo. Nitatafuta ngazi, nichukue fyekeo langu. Na kuna jingine, fundi. Mwezi ujao namwoa Veronica. Mama yake hupita hapa kila Alhamisi kwenda gulioni. Akisikia nimekaa juu ya kiti watu wazima wakipita, hakuna harusi."

Abbasi alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Alikuwa anamtazama mtu aliye tayari kupoteza kazi anayoipenda kwa sababu ya bibi mwenye maharage. Yeye mwenyewe hakukumbuka mara ya mwisho alipopoteza hata kikombe cha kahawa kwa ajili ya mtu.

"Hukatazwi kushuka," akasema. "Utashuka kifundi."

Wakaanza hapohapo. Kanyaga pedali. Gia iwe huru. Funga breki ya mkono. Kisha mguu utoke kidogo kidogo, moja, mbili, tatu, mpaka springi imeukaza mkanda, ndipo ushuke. Venanti alielewa vizuri sana mpaka mtu alipotokea, hapo mwili wake ulisahau yote na kuruka. Ilibidi azoeshwe, na kuzoea kunataka watu wa kupita. Abbasi akajitwika kikapu, akapita yeye.

"Haiwezekani, fundi," Venanti akasema kutoka kitini. "Moyo haushtuki. Hufanani na mtu wa kumshukia."

Abbasi akaenda nyumbani, akarudi na kanga ya Adija. Siku tatu, tangu Jumatatu mpaka Jumatano, mji wa Kasulu ulimwona fundi wake mkuu akikatiza kiwanja cha ndege na kanga kichwani na kikapu cha skrubu, akienda na kurudi. Wengine walikuja na watoto kutazama. Na haikutosha kupita. Venanti hakuweza kuinuka kabla salamu hazijaisha, na salamu haziishi mtu mmoja akinyamaza. Ilimbidi Abbasi ajifunze kuchuchumaa, kupiga makofi yasiyo ya haraka wala ya kivivu, na kuuliza habari kwa mpangilio. Akiruka habari za watoto akaenda za mvua, Venanti alimrudisha nyuma. Mara ya kwanza mkanda uliruka. Mara ya kumi uliruka. Jumatano jioni walipita watu saba wa kweli na Abbasi mara ishirini, na haukuruka hata mara moja.

Alhamisi injinia akafika na Landrova, kitabu mkononi, saa mkononi, akasimama kando ya uwanja karibu na Abbasi. Venanti akaanza kukata kutoka pembeni, akizunguka kuelekea katikati. Wakapita wazee wawili. Akashuka, moja, mbili, tatu, akasalimu, akapanda. Akapita katekista. Akapita mama mwenye mtoto mgongoni.

"Mbona anashukashuka?" injinia akauliza.

"Anapoza injini," Abbasi akajibu.

Ilipofika saa tano Abbasi akamwona mwanamke mnene wa kitenge cha bluu akiingia uwanjani na kikapu, akajua ni Mama Veronica kwa jinsi Venanti, huko mbali, alivyogeuza shingo upande wa pili na kuiacha hukohuko. Kwao mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Mkwe akimwona mbele, huacha njia akajitupa porini, na mama naye hujifunika. Lakini pale pori lilikuwa limeshakatwa. Mama Veronica alitazama mbele, akatazama nyuma, akaona mashine inazunguka kumjia. Majani marefu yalikuwa yamebaki katikati tu. Akaingia humo, akakaa chini na kikapu chake.

Venanti akaendelea kukata, uso pembeni. Kila mzunguko kile kisiwa cha majani kikapungua. Kikawa ukubwa wa uwanja wa mpira, kikawa ukubwa wa ua wa nyumba. Injinia akafurahi, akaandika. Kikawa ukubwa wa chumba, na kikapu kikaanza kuonekana.

"Pale kuna nini?" injinia akauliza.

"Kichuguu."

Mashine ikapita tena.

"Kichuguu kimevaa kitenge?"

Abbasi aliogopa, na alipojitazama vizuri aliona haogopi Pasikali. Alijua mwili wa Venanti unataka nini. Kwa bibi wa maharage aliruka kama aliyeungua, kwa mama mkwe angeruka mpaka Kibondo. Akiruka, kazi imekwenda. Asiposhuka, mke amekwenda. Majani yalibaki ya mkeka mmoja, na juu yake kilemba cha bluu kilichoinamishwa sana.

Mashine ikasimama. Venanti akatoa gia. Akafunga breki. Mguu wa kulia ulikuwa umejikunja tayari kukimbia, na ule wa kushoto uko kwenye pedali. Abbasi akajikuta anahesabu kwa sauti, "Moja." Mguu wa kushoto ukainuka kidogo. "Mbili." Ukainuka tena, polepole kuliko siku zote za mazoezi. "Tatu."

Venanti akashuka. Akayapa majani mgongo, akachuchumaa akiitazama soksi ya upepo, akapiga makofi. Kutoka majanini makofi yakaitikia, ya adabu, na sauti ya mama mtu mzima ikauliza habari za nyumbani kwao. Wakasalimiana hivyo, migongo ikitazamana, injini ikinguruma kando yao.

Injinia akafungua kinywa. Abbasi akamshika mkono wa koti.

"Subiri, bwana mkubwa. Bado hawajafika kwenye ng'ombe."

Walifika kwenye ng'ombe, wakapita. Mama Veronica akainuka, akajifunika uso kwa kitenge, akaondoka bila kugeuka. Venanti akapanda, akakanyaga pedali, akafungua breki, akatia gia, akaachia pedali kidogo kidogo. Abbasi alikuwa ameinama mpaka kidevu karibu kiguse nyasi, anautazama mkanda. Ulikuwa umekaa. Mashine ikasogea, ikaukata ule mkeka wa mwisho, na kiwanja chote kikawa kimenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule.

Injinia akaenda kuandikia kwenye boneti ya gari. "Mashine ibaki Kasulu," aliandika, akapiga muhuri, akaingia ndani, akawasha Landrova na kuitoa karatasi kupitia dirishani. Ndiyo karatasi ambayo Abbasi aliilalia macho wiki mbili, na nakala yake alikuwa amepanga kumpelekea Pasikali kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini njia ya Mama Veronica ilipita palepale aliposimama Abbasi. Alipofika, fundi alikuwa ameshachuchumaa, anapiga makofi. Mama akatua kikapu.

"Fundi, karatasi yako," injinia akaita. "Mimi nina safari."

Abbasi akainua kidole kimoja kumwomba asubiri. Mama ndiyo kwanza alikuwa anauliza habari za Adija.