Zamu ya Kifuniko cha Bluu

Kifuniko kile mimi ndiye niliyekiona kwanza. Kilikuwa cha sufuria, rangi ya bluu, kimebanduka kidogo pembeni, kimelala kwenye vumbi mbele ya bomba la maji la ng'ambo ya barabara kubwa. Mbele yake kulikuwa na jiwe. Nyuma yake kulikuwa na sandali moja kuukuu, halafu nusu tofali, kopo la rangi, ndoo isiyo na kitako, ufagio uliovunjika mpini, na vitu vingine vya namna hiyo, vimefuatana mpaka kwenye kona ya ukuta. Nikajiuliza mbona takataka za huku zimepanga foleni. Nilijiuliza moyoni tu. Kuuliza kwa mdomo, kwangu mimi, ni kama kubeba gunia.

Chama chetu cha kujitolea kina watu kumi na mmoja. Tunakutana Jumamosi kwenye duka la ushonaji la shangazi yangu kwa sababu lina mabenchi mawili. Mwenyekiti ni nesi wa zahanati, mwanamke mfupi anayetembea kana kwamba anawahi basi hata akiwa ndani ya nyumba. Katibu ni mwalimu mstaafu, ambaye huandika kila kinachosemwa, na mtu akikohoa naye anasita kidogo na kalamu yake. Yupo pia seremala tunayemwita Msumari, kwa kuwa akishaingia kwenye jambo hatoki. Mimi niliingizwa na shangazi. Alisema nikiendelea kushona vifungo huku nimenyamaza, siku moja atanishona kwenye shati la mtu bila kujua.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kusafisha pale bombani na kuchimba mfereji, maji yanayomwagika yapate njia. Katika sisi kumi na mmoja hakuna anayeteka maji pale. Nyumba zetu zina bomba uani. Tulianza saa moja asubuhi, na kufika saa tatu mfereji ulikuwa umenyooka, ardhi imefagiliwa, na vile vitu vyote vilikuwa shimoni nyuma ya ukuta. Mwalimu akatupiga picha kwa simu yake, vidole vyake viwili vikaingia humo.

Vitu vyote, isipokuwa kifuniko. Nyumbani sufuria yetu kubwa haina kifuniko, huwa tunaifunika kwa sahani, na sahani inateleza. Nikakifuta kwa upindo wa kitenge, nikakitia kwenye mfuko wangu.

Maji pale hutoka saa nne. Ilipokaribia, wanawake wakaanza kufika na ndoo. Wa kwanza alisimama, akatazama chini, akazunguka mara moja kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha akauliza jiwe lake liko wapi. Nesi akamjibu kwa upole kwamba mawe tumeyaondoa, sasa pako safi.

"Mwanangu," yule mama akasema, "lile halikuwa jiwe. Lile nilikuwa mimi."

Ndipo tulipoelezwa. Kila mmoja huja alfajiri, anaacha kitu chake kwenye mstari, halafu anarudi kuamsha watoto na kufanya kazi zake. Kitu kinakaa foleni, mwenyewe yuko kwake. Tulikuwa tumewafagia watu arobaini na kuwatupa shimoni, tena tukapiga picha.

Msumari ndiye aliyeingia shimoni. Wanawake walisimama ukingoni wakimwelekeza. Hilo tofali si lenyewe, langu lina ufa. Hiyo ndoo mwachie mwenyewe, anajulikana. Mama mmoja mnene anayeuza mkaa akainama akamwambia, "Baba, ukinipata humo nishike taratibu. Mimi ni sandali, na ukanda wangu umechoka." Watu wakacheka mpaka Nesi naye akacheka, ingawa masikio yake yalikuwa yamemwiva kwa aibu.

Vitu vikarudi kimoja kimoja, na ugomvi ulikuwa mdogo kuliko nilivyoogopa, maana kila mtu alimjua wa mbele yake na wa nyuma yake. Pengo likabaki moja, kati ya jiwe na sandali. Muuza mkaa akasema mbele yake palikuwa na kifuniko cha bluu. Nesi akauliza ni cha nani, ili aombwe radhi. Mmoja akasema ni cha yule bibi wa mlango wa kijani. Mwingine akasema hapana, ni cha mama mapacha. Wa tatu akataja mtu mwingine kabisa. Wakatazamana. Hakuna aliyejitokeza.

Mfuko ulikuwa kwapani mwangu. Ningesema neno moja tu yangeisha. Sikulisema. Maji yakatoka, mstari ukasogea, pengo likazibwa.

Siku hiyo shangazi alipika maharage, akakisifu kifuniko kwamba kimekaa kama kilitengenezewa sufuria yetu. Mimi nikaisogeza sahani pembeni. Niliona kwamba mahali fulani ng'ambo ya barabara kuna mtu ana ndoo tupu, na sababu ni mimi. Na pamoja na hofu hiyo, jambo lingine lilinikereketa: kitu kimoja kitakuwaje na wenyewe watatu?

Jumatatu shangazi alinituma nipeleke sare za shule ng'ambo. Nikapiga moyo konde, nikapitia kwenye mlango wa kijani.

Bibi alinikaribisha kabla sijabisha. Akasema kifuniko si chake. Ila kifua kilipomlaza mwezi mzima, kila siku akifungua mlango alikuta ndoo imejaa. "Nilidhani mkamwana wangu amejirudi," akasema. "Nikamsifu kwa watu. Kumbe wala." Alipopona, ndoo ikaacha kuja.

Mama mapacha naye akakataa, si chake. Lakini baada ya kujifungua aliletewa maji wiki tatu, kila siku na mtu tofauti. Siku moja aliyeleta alikuwa mwanamke ambaye hawajasalimiana tangu mwaka juzi. Akaitua ndoo, hakusalimia, akaondoka.

Nilipotoka hapo kichwa kilikuwa kinazunguka kama cherehani. Nikaenda kwa muuza mkaa. Alikuwa amekaa katikati ya magunia yake, mweusi mpaka kwenye nyusi. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo hata akaniomba nirudie: kile kifuniko ni cha nani?

"Si cha mtu," akasema. "Ni cha mlango."

Akanieleza huku akijaza kopo la kupimia. Mtu akishindwa kwenda bombani, kwa ugonjwa au uzazi au shida yoyote, anaweka ndoo yake mlangoni, imepinduliwa. Haombi, hasemi. Kifuniko kikifika mbele kwenye foleni, aliye nyuma yake anateka maji kwa ile zamu, anayapeleka penye ndoo iliyopinduliwa. Anaondoka na kifuniko, na kesho yake alfajiri anakiweka tena mstarini. Kwa hiyo kinapita mikononi mwa wote. Nesi alipouliza ni cha nani, kila mmoja alitaja mlango aliopeleka mara ya mwisho.

"Na sasa kinapelekwa wapi?" nikauliza.

Alianza kujibu, akaacha. Kopo likabaki hewani.

"Hebu ngoja," akasema. Akampigia kelele jirani yake anayeuza nyanya. "Wewe, jana maji ya kifuniko nani kapeleka?"

"Si wewe? Jumamosi ulikuwa nyuma yake."

"Nyuma yake wapi na hakikuwepo? Mimi nilijua umepeleka wewe."

Wakatazamana. Kifuniko hakikuwepo, kwa hiyo hapakuwa na aliye nyuma yake, na kila mmoja alipita mtaani akaona ndoo iliyopinduliwa akajua iko mikononi mwa mwenye zamu. Siku tatu.

Tukaondoka wawili, na ndoo iliyopinduliwa tukaiona mlangoni kwa mshona viatu. Alikuwa amekaa kizingitini, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, umefungwa kitambaa kilichokuwa cheupe. Kisu cha kukatia ngozi kilimteleza wiki iliyopita. Zahanati walimwambia kidonda kioshwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa. Ya kunywa alikuwa amepewa jagi na jirani. Ya kuosha hakuwa nayo, na kitambaa kilikuwa kimeanza kunuka.

Muuza mkaa akamuuliza kwa nini hakumtuma mtu.

"Maji yale hayaombwi, dada," akasema. "Yalipokatika, nilidhani nimepona bila kuambiwa."

Ilikuwa saa tano na nusu, na saa sita bomba hufungwa. Muuza mkaa akakamata ndoo, halafu akasimama. Hata akienda, alisema, atasimama wapi? Watu wa mwisho ndio wanaobanana sasa, na zamu ya bure haitolewi kwa maneno, maana wangekuwa wengi wenye maneno. Angekuwa na kifuniko, hakuna ambaye angefungua mdomo. Akalaani aliyekitupa.

Nikazitua sare kizingitini.

"Hakikutupwa," nikasema. "Kiko kwetu. Kinafunika maharage."

Alinitazama. Mshona viatu naye akanitazama. Nilingoja nitukanwe, na nadhani ningeona nafuu.

"Basi kayafunue," muuza mkaa akasema. "Kimbia."

Nilikimbia. Niliziacha zile sare kizingitini kwa mshona viatu, nikavuka barabara bila kutazama, dereva mmoja akanipigia honi ndefu ya kunisema. Shangazi aliniona naingia na kutoka na kifuniko kinachotoa mvuke, akaniuliza kama nimepatwa na wazimu. Nikamwambia nitamweleza. Hilo lenyewe lilimshangaza.

Bombani walikuwa wamebaki wanane, na maji yalikuwa yamepungua, yanatoka kama uzi. Muuza mkaa alikiweka kifuniko chini, mbele ya wote.  Mwanamke aliyekuwa anajaza aliondoa ndoo yake ikiwa nusu, akasogea. Hakuna aliyenong'ona. Mimi niliyezoea kuogopa macho ya watu, nilitafuta macho na sikuyapata. Wote walikuwa wanaangalia maji.

Ndoo ilijaa saa sita kasoro kidogo. Tukaishika wawili, mkono huu wake na huu wangu. Mlangoni tukaitua. Mshona viatu hakushukuru, ila alilivuta jiko lake kwa mguu mzima akaanza kupanga mkaa, na muuza mkaa alikuwa ameshageuka anaondoka, maana ndivyo inavyofanywa. Mimi nilibaki kidogo. Nilimuuliza nani aliyeanzisha jambo hili. Akasema alipohamia mtaani alilikuta, tena wakati ule kifuniko kilikuwa chekundu.

"Uliza uliza," akasema. "Ukijua, nami nijue."

Nikachukua sare zangu, nikamkuta muuza mkaa kwenye kona ananisubiri. Akanipa kifuniko. Akasema aliyebeba leo ndiye anayekiweka kesho, saa kumi na moja alfajiri, wala nisichelewe.

Nikamwambia mimi sina zamu pale.

"Utakuwa nayo. Njoo na kitu chako, ukae nyuma yake."

"Kitu gani?"

"Mimi nitajuaje? Kisiwe cha kuibika, na kisifanane na cha mtu."

Nilitembea polepole kurudi dukani, sare nilizosahau kuzipeleka bado ziko kwapani, nikivipitia vitu vyote tulivyonavyo. Vifungo ni vidogo, vitapotea. Mkasi wa shangazi sithubutu kuugusa. Kulikuwa na kibao cha kupigia pasi, kilichoungua upande mmoja, na boksi la nyuzi lililovunjika bawaba, na ule mguu wa stuli ambao Msumari ameahidi kuurudishia tangu mwaka jana. Nilisimama mlangoni nikavitazama kimoja kimoja, nisijue kipi ni mimi.