Nukta Mlangoni

Usiku wa jana niliota nimesimama mbele ya ghorofa isiyo na ngazi, na mlangoni ameketi Nukta, mweusi, mviringo, amevaa tai.

Ghorofa hiyo ndiyo anwani ya tovuti yetu ya kofia. Juu kabisa anakaa Babu, neno la mwisho la anwani. Chini yake Baba, neno la kabla yake. Chumba cha chini ni kitupu, nami nimekuja kumwingiza mama yangu, Bi Somoe. Ameshona kofia za vito, zile za vitundu vya kudariziwa kwa mkono, Lamu umri wake wote, na herufi anazozisoma ni za Kiarabu tu. Nataka alione jina lake pale kabla macho hayajamzimikia.

"Herufi za mtoto ziwe aina moja na za mzazi," anasema Nukta. "Babu na Baba ni Kilatini. Mama yako ni Kiarabu. Hapiti."

"Tangu lini mama akawa mtoto?"

"Tangu apangiwe chini."

Mama yuko kiganjani mwangu, ameshakuwa jina, wino bado mbichi. "Mwambie nimechoka kusimama, mwanangu."

Mara anapita herufi A, amejitwisha kofia za bandia. Nukta anampigia saluti. Ala! Namjua huyu! Ni herufi ya Warusi, amevaa sura ya A yetu, na wateja wetu wote wanapotelea kwake wakidhani ni sisi.

"Huyo mgeni mbona anapita?"

"Anafanana."

"Kwa macho tu!"

"Mimi sina macho. Nina kazi."

Hapo nikapandwa na hasira. "Sheria ni msumeno, bwana. Basi ukate mbele na nyuma!"

Msumeno ukatoka ukutani ukikohoa. Ukampasua A; ndani mlikuwa na theluji tupu. Akaondoka, nusu huku, nusu kule. Kisha ukamgeukia mama.

"Ngoja," nikasema, nikifumba kiganja. "Sheria inataka nyumba moja iwe na herufi za aina moja. Imesema zipi?"

"Aina moja tu," Nukta akakiri.

"Babu!" nikapiga ukelele. "Badilisha nguo!"

Babu akachungulia dirishani. "Hata mimi zamani niliandikwa kwa Kiarabu, mjukuu wangu. Nilivuliwa hapo hapo mlangoni."

Moyo uliniuma, wallahi. Babu akavaa herufi zake za kale, Baba akafuata. Nyumba nzima ikageuka ianzie kulia, na mlango ukahamia upande wa pili. Nukta akabaki analinda ukuta. Mama akashuka kiganjani, akaingia kwa miguu yake.

"Bila mimi nani atawatenganisha?" Nukta akalia.

"Hakuna," nikasema, nikamfunga kwenye pembe ya leso.

Nikaamka. Mama ameketi kitandani pangu na simu yangu mkononi, yeye ambaye hajawahi kuigusa. Anafuata anwani yetu kiooni kwa kidole, kutoka kulia.

"So-mo-e," anasoma. "Ni mimi huyu."

Kwenye pembe ya leso yangu kulikuwa na fundo nisilolifunga. Nikalipapasa. Ndani mna kitu kidogo, kigumu, mviringo.

Nikalikaza.