Samaki Aliyepungukiwa Mizani Nne

Usiku wa kuamkia leo niliota samaki wangu akiniita kwa majina yangu mawili, kama karani anavyoita mtu dirishani.

"Gwamaka Mwaipasi."

"Naam."

"Nakufa saa moja asubuhi. Nakuarifu mapema, usije ukasema hukuambiwa."

Alikuwa amelala ubavu chini kabisa ya chupa ya asali ninamomfugia. Wekundu wake umepauka, kama kitambaa kilichofuliwa mno. Ni dume la betta, samaki mdogo wa kupendeza mwenye mapezi marefu kama kanzu iliyomzidi mvaaji. Dada yangu Tusajigwe ndiye aliyemnunua Mbeya mjini akaniletea huku Tukuyu siku tisa zilizopita. Alipotamka "betta", mimi nilisikia "beti", nikafurahi sana. Mimi ni mtu wa mashairi. Nimejifundisha mwenyewe, bila mwalimu, na nikaona kwamba hatimaye dada ameniheshimu. Samaki nikampa jina la Ubeti.

Siku ya tatu dada alikuja, akachungulia chupa, akasema, "Mdogo wangu, huyu utamuua." Nikamjibu kwamba mtu asiyeweza kutunga hata mshororo mmoja asinifundishe kutunza Ubeti. Akachukua mkoba wake akarudi kwake Kyela. Tangu siku hiyo simu zake sipokei.

Katika ndoto sikuyafikiria hayo. Nilimuuliza samaki anaumwa nini.

"Siumwi. Nimepungukiwa mizani nne."

"Haiwezekani," nikasema. "Kazi yangu haijawahi kupungukiwa mizani."

"Basi kabishane na ofisi. Mimi sina nguvu."

Nikavaa sweta, nikaikumbatia chupa, nikafungua mlango. Nje hakuna mtaa. Hakuna ukungu, hakuna migomba ya mama mwenye nyumba. Kuna bweni refu lenye vitanda vya chuma kushoto na kulia, na juu ya kila kitanda yamelala maji.

Yamelala kweli. Yamejifunika blanketi mpaka kidevuni, mahali ambapo maji yangekuwa na kidevu. Mengine yanakoroma taratibu.

Ndoo ya bati iliyojifunga kitenge inakuja ikinyata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Punguza sauti, baba. Huyo mgonjwa umemtilia maji gani?"

"Ya bomba. Kila asubuhi namwaga yote natia mapya. Mimi si mtu wa uchafu."

"Yalilala?"

"Maji hayalali, mama."

Ndoo inatazama vitanda vya kushoto, inatazama vya kulia, kisha inanitazama mimi. Niliona aibu kidogo, nikaificha.

"Maji yanayotoka bombani yana dawa, tena yana hasira," inasema hatimaye. "Yamesukumwa kutoka mlimani, yamebanwa, yamepigishwa kona. Ukiyaacha yalale mpaka kesho yake, ukali unatoka. Wewe ukamchukua mtoto wa watu ukamtumbukiza katikati ya hasira."

"Hata mimi huwa silali nikiwa na hasira," nikajitetea, "na sijafa."

"Bado," inasema ndoo.

Mwisho wa bweni yamepanga foleni mafungu manane ya maji, yamesimama wima, yana nyuso za watu waliohamishwa bila taarifa.

"Hawa ni akina nani?"

"Hutujui?" linasema la mbele. "Mimi ni maji ya Jumatatu. Huyu wa Jumanne, yule wa Jumatano. Ni sisi uliokuwa unatumwaga nyuma ya choo. Nilikuwa nimeshaanza kumzoea. Nilishajua anapenda kulala upande gani."

"Kwani kuzoeana kunachukua muda gani?"

"Zaidi ya siku moja," linasema fungu la Jumatatu, na mengine saba yanatikisa vichwa.

Nikauliza ofisi ya mizani iko wapi. Ndoo ikasema, "Umesimama ndani yake," na kweli, bweni halipo. Nipo kwenye chumba chenye kaunta ya mbao. Nyuma ya kaunta imekaa rula ya darasani, imevaa miwani, na mbele yake ipo mizani ya sahani mbili kama ile ya kupimia mchele sokoni. Ukutani kuna kipimajoto kimening'inia, kinakohoa.

Mbele yangu kwenye mstari kuna tonge la ugali. Limevimba, limeota ukungu mgongoni.

"Na wewe umefuata nini?" nikaliuliza.

"Nimekuja kukushtaki. Ulinitupa kwa samaki niwe chakula chake. Samaki huyu anakula vidudu, bwana. Hakunitazama hata mara moja. Maji ukiyamwaga, mimi unaniacha; siku tatu nimekaa pale chini kama mgeni ambaye hakualikwa, mpaka nikaoza kwa aibu."

"Pole."

"Pole haizuii kuoza."

Rula ikagonga kaunta. "Anayefuata! Kina?"

Nilisogea kifua mbele. "Vina vyangu vyote vimetimia, cha kati na cha mwisho. Aliyewahi kunikosoa hapa Tukuyu tulitengana siku hiyohiyo."

"Nimeuliza kina cha maji, bwana mdogo. Mambo ya vina sikukuuliza." Ikajichovya ndani ya chupa, ikatoka, ikajifuta. "Vidole vinne. Joto?"

"Nyuzi kumi na saba," kikasema kipimajoto, kikakohoa tena.

"Anahitaji ngapi?"

"Ishirini na sita. Wazee wake walitoka kwenye majaruba ya mpunga, kwenye jua."

"Makazi?"

"Chupa ya asali," nikasema.

"Ya kilo ngapi?"

"Moja."

Kipimajoto kikaacha kukohoa. Hata tonge la ugali liliinamisha kichwa.

Rula ikaiweka chupa kwenye sahani ya kushoto. Sahani ya kulia ikashuka mpaka ikagonga kaunta, ingawa haikuwa na kitu.

"Baridi inarekebishika," ikasema. "Chupa inabadilishwa, chakula kinabadilishwa, maji yatalazwa. Tatizo liko hapa katikati. Pana neno moja halipo. Lina mizani nne. Ukilileta kabla ya saa moja, samaki ataishi. Usipolileta, hayo mengine yote ni kumpambia jeneza."

"Neno gani?"

"Sisi tunapima. Hatutungi."

Kutunga ndiyo kazi yangu. Nikacheka, nikakunja mikono ya sweta. Nikatamka "ushujaa". Neno likaangukia kwenye sahani, likadunda kama punje ya harage, likaingia chini ya kabati. Nikatamka "umahiri". Likadunda. Nikatamka "utukufu", kwa sauti ya jukwaani kabisa. Hilo halikufika hata kwenye sahani.

"Mizani nne zipo," ikasema rula. "Uzito hakuna."

Nikakasirika. Nikainua ngumi nikaipiga kaunta, na kaunta ilikuwa maji.

Nipo ndani ya chupa. Maji yananifika shingoni, ni ya baridi, na mbele yangu yupo kijana amevaa sweta kama langu, ananitazama kwa dharau. Nikamjua. Ni kioo. Siku ya kwanza kabisa nilikiegemeza mwenyewe kwenye chupa, upande wa nje. Betta dume akimwona dume mwingine hutunisha mapezi kwa vita, na akijiona kwenye kioo hudhani ni adui. Mimi nikaona haifai Ubeti akose wa kulumbana naye. Mshairi gani hana mpinzani? Alitunisha mapezi asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku, na mimi nilikuwa nampigia makofi.

"Mimi ni radi ya Rungwe, kwa ngurumo hunishindi!" nikamwambia kijana.

"Mimi ni radi ya Rungwe, kwa ngurumo hunishindi!" akaniambia, wakati uleule, kwa mizani zilezile.

Nikaongeza ukali. Akaongeza. Nikamtukana kwa vina. Akanitukana kwa vina hivyohivyo. Hakuna anayeweza kunyamaza, maana atakayetangulia kunyamaza ndiye ameshindwa. Koo linaniuma. Mikono imekuwa mizito.

Nje ya chupa, samaki amekaa kwenye kiti changu. Anakunywa chai kwenye kikombe changu.

"Ongeza, ongeza!" ananiambia. "Ukikasirika unapendeza."

Hayo ni maneno yangu. Nilikuwa nikimwambia yeye.

"Nimechoka," nikamwambia.

"Mimi nilikuwa humo siku tisa. Wewe una dakika kumi."

"Nitatokaje?"

"Mpe mgongo."

"Nikimpa mgongo atasema ameshinda."

"Atasema."

"Na watu watajua."

"Watu gani?" akauliza samaki. Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua aandae vikombe vingapi.

Nikawatafuta watu. Nilitazama chumba changu chote kupitia kioo cha chupa: kitanda kimoja, kiti kimoja, sahani moja imekaushwa ikageuzwa. Kwenye ndoana ya mlangoni, koti moja. Nilitazama mara mbili, nikidhani labda kuna mtu amekaa nyuma ya pazia.

Samaki hakusubiri jibu. Kikombe kilimponyoka kikamwagika. Akainama kwenye kiti polepole, akalala ubavu, na wekundu uliobaki kwenye mapezi yake ukaanza kumtoka kama rangi ya nguo inavyotoka kwenye beseni. Mahali fulani juu, rula ilitangaza, "Saa moja kasoro dakika nane."

Nikampa kijana mgongo.

Sijawahi kumpa mtu mgongo katikati ya mabishano. Mtu akibishana nami huondoka yeye, au natoka mimi nikiwa bado nasema. Kikacheka kile kioo nyuma yangu, na kicheko kilikuwa changu. Sikuwa najua kwamba kinakera namna ile.

"Sema basi," kikasema.

"Nimeshindwa," nikasema.

Ni, me, shi, ndwa. Nilihesabu kwa mazoea tu. Mbali sana nikasikia sahani ya mizani ikishuka, taratibu, ikatulia.

Samaki akafungua jicho moja. "Limefika," akasema. "Lakini umeyaambia maji, na maji yenyewe yamelala. Mwambie mwenye masikio."

Simu yangu ilikuwa mkononi mwangu, kavu. Nikapiga Kyela. Iliita mara moja.

"Haloo? Gwamaka?" Sauti ya dada ilikuwa na usingizi. "Kuna nini? Kuna msiba?"

"Dada, nimeshindwa."

"Umeshindwa nini?"

"Samaki. Nimeshindwa kumtunza. Na yale mengine pia, dada. Nimeshindwa na watu."

Nilitaka kuendelea, nikaanza kulia. Ndani ya maji kulia hakuonekani, ila kunasikika. Samaki akajikongoja kutoka kwenye kiti, akaninyooshea pezi.

"Nipe," akasema. "Wewe hutamaliza leo."

Nikampa simu. Akaenda nayo mpaka dirishani, akanigeuzia mgongo kama wafanyavyo watu wenye mazungumzo ya maana, na aliyoyasema sikuyasikia.

Hapo nikaamka.

Dirisha lilikuwa jeupe kwa ukungu. Mvua ilikuwa juu ya bati, ile ya Tukuyu isiyo na haraka. Blanketi lilikuwa sakafuni na miguu yangu ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka mtoni. Nilikwenda mezani bila kuvaa viatu.

Ubeti alikuwa amelala ubavu. Hakutikisika. Saa ya simu ilionyesha saa moja kamili.

Nikasimama. Sikumwambia "ongeza". Namba ya dakika ikabadilika, kisha ikabadilika tena. Ndipo akajiinua, upandeupande, akapanda mpaka juu ya maji, akavuta funda moja la hewa, kwa maana betta huja juu kupumua kama sisi, halafu akashuka tena pale alipokuwa. Ilikuwa safari ndefu kwa maji ya vidole vinne. Lakini alikwenda na akarudi.

Nikajaza ndoo maji, nikaiweka pembeni ya kitanda ilale. Nilikuwa natafuta cha kuifunikia simu ilipoita. Tusajigwe.

Nikapokea. Nilidhani nitalazimika kuanza mwanzo.

"Nafunga mlango, nakuja," akasema. "Kuna jirani yangu hapa ana beseni kubwa la kioo, amenipa. Wewe usimguse huyo samaki mpaka nifike. Umesikia?"

"Dada," nikasema, "kwani nilikupigia?"

"Gwamaka, usinianze asubuhi hii. Umelia mpaka nikaogopa nikakaa chini. Bahati nzuri mwenzako akachukua simu."

"Mwenzangu yupi?"

"Si huyo unayekaa naye? Mwenye sauti nyembamba. Kijana ana adabu, sijui umempata wapi. Ameniamkia vizuri, akaniomba radhi kwa niaba yako, akaniambia nije na blanketi maana chumba chenu kina baridi. Nikamuuliza moja au mawili, simu ikakatika. Hebu mpe nimuulize."

Nikaitazama chupa. Alikuwa ametulia chini, jicho moja limenielekea.

"Gwamaka? Upo? Mpe simu."

Nikaisogeza simu mpaka mdomoni mwa chupa, juu kidogo ya maji, nikaishikilia hapo.