Zeeka, Shaba, Zeeka

Mwanga wa asubuhi huingia mtaa wa Jericho kwa adabu. Hupita juu ya mapaa, hushuka kwenye kamba za nguo, hupapasa kioo cha dirisha, ndipo huingia. Asubuhi hiyo uliingia kwa Mzee Makokha, ukaenda moja kwa moja kwenye kabati la vyombo, ukagonga vishikio vipya vya shaba, ukarudi kumchoma mzee machoni.

Mzee akaketi kitandani, akatazama. Akatazama tena. "Hapa si kwangu," akasema. "Nirudisheni kwangu."

Eh, jamani. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, lakini wahenga hawakumwona Nasambu asubuhi ile, amesimama na kikombe cha uji mkononi.

Maana vishikio hivyo ni yeye aliyevileta. Nasambu, binti wa pekee, mwanamke mzima mwenye mvi zake, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Alikuwa amerudi kuishi na baba tangu mama afariki na akili ya mzee ianze kuvuja kidogo kidogo, kama sukari kwenye pakiti iliyotoboka. Kabati lilikuwa la mvule. Mzee alilinunua mwaka aliopewa nyumba hii, ujana ukiwa bado unamchekea usoni. Vishikio vyake vilikuwa vimelegea, kimoja kimekatika. Krismasi ilipokaribia Nasambu akasema, baba naye afurahi. Akamwita fundi Wahome wa Kariobangi, fundi akang'oa vya kale na kutia vipya vinavyometameta. Wema hauozi, husema watu. Wema wa Nasambu ulioza kabla wiki haijaisha.

Mzee akaanza kutoka. Hulitazama kabati, husema neno lake, huvaa koti, hushika njia kwenda kutafuta nyumba yenye kabati lake. Hapa si kwangu. Leo wamemkuta Makadara, anatembea kando ya reli. Kesho yuko Jogoo Road, malori yanampigia honi kushoto na kulia. Siku nyingine anarudishwa na wasamaria kutoka Mukuru kwa Njenga, viatu vimejaa matope meusi, koti halipo. Nasambu akimfungia, mzee hupiga mlango kwa ngumi mpaka mikono inavimba, akilia kama mtu aliyetekwa. Akimwachia, yeye Nasambu hushinda kiwandani roho mkononi. Unaijua hofu hiyo, wewe unayesoma? Ya kusikia breki barabarani na kudhani ni damu yako? Aliogopa siku ambayo baba angeletwa nyumbani amefunikwa shuka.

Nasambu akaenda Kariobangi. Nyundo zililia, mabati yalilia, vumbi la chuma lilimkaba koo. "Fundi, nirudishie vile vya zamani."

Wahome akaweka nyundo chini. "Dada yangu, pole. Vile vilienda kwa wale wa tanuri siku ileile. Saa hii ni bomba la maji kwa nyumba ya mtu."

Maji yakimwagika hayazoleki, na shaba ikishayeyuka haikumbuki ilikuwa nini. Nasambu akakaa juu ya gogo akalia, mbele ya mafundi na wateja wao, bila kujifuta. Wahome alingoja. Alipoona machozi yamepungua, akasema polepole, "Tunaweza kuzeesha hivi vipya. Kuna matajiri wa Westlands wako na viti vya mababu zao, huniletea hiyo kazi. Lete, tujaribu."

Basi vikang'olewa. Vikaoshwa kwa thina, ile ya kuyeyushia rangi, mpaka ile ngozi ya kung'aa ikatoka, vikasuguliwa kwa majivu, vikalowekwa kwenye siki na chumvi. Halafu Wahome akavifunga kwa kitambaa, akavining'iniza ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, na chini ya mkebe akaweka samadi mbichi ya kuku, ile ambayo harufu yake huchoma pua na kutoa machozi. Akaufunika mkebe.

Zeeka, shaba, zeeka. Ukubwa si kukimbia miaka, lakini wewe kimbia. Nasambu alikuwa akitoka kazini anapitia hapo, anauinamia mkebe, ananong'ona kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Zeeka upesi, mama. Baba yangu anapotea.

Mkebe ulipofunuliwa, shaba ilikuwa imekuwa kahawia, yenye weusi pembeni na ukijani kidogo penye mikunjo. Nasambu akafurahi hadi akamshika Wahome mkono. Vikarudishwa kabatini. Asubuhi mzee akaketi, akatazama, akainuka akaenda karibu. Akaweka mkono wake kwenye kishikio. Mkono ukateleza, ukatafuta, ukakosa. "Hapa si kwangu," akasema, na akaulizia koti.

Hapo ndipo moyo ulipomvunjika Nasambu hasa. Akarudi kwa Wahome amenyong'onyea, vishikio mkobani.

Fundi akakigeuza kishikio juani. "Hiki kimefifia kote," akasema. "Cha zamani hakiwi hivyo. Pale mkono umeshika miaka yote pamelika, pamebaki laini, pako na mwanga. Sasa, mzee alikuwa anashikia wapi?"

Nasambu akakitazama kishikio. Hakujua. Utoto wake wote baba alilifungua kabati lile, akamtolea mkate uliofichwa nyuma ya sahani, na yeye aliutazama mkate. Hakuutazama mkono. Aibu ilimshika hapo, aibu tupu, na hakuna aliyemlaumu ila nafsi yake.

Jioni hiyo akaketi mbele ya baba, akamtazama akinywa uji. Akamtazama kwa mara ya kwanza, naweza kusema. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole vitatu tu. Viwili vya katikati vilichukuliwa na mashine ya kiwanda zamani, kabla Nasambu hajazaliwa, na kwa kuwa alizaliwa akavikuta havipo, hakuwahi kuviona kuwa havipo. Mzee alikamata kikombe kwa kidole cha mwisho kukikingia chini, na gumba likakandamiza juu, pembeni, upande wa kushoto. Hapo. Siku zote ilikuwa hapo.

Akachukua kitambaa na majivu, akakunja vidole vyake viwili vya katikati, akaanza kuvisugua vile vishikio kwa mshiko wa baba yake. Gumba juu, kidole cha mwisho chini. Alfajiri kabla ya kazi, jioni baada ya kazi. Zeeka, shaba, zeeka, lakini zeeka kama yeye. Ngozi ya gumba ilichubuka, akaifunga tambara, akaendelea. Mahali pakaanza kulika, pakalainika, pakatoa mwanga mdogo uliotulia.

Wahome alikuja mwenyewe Jericho kuvifunga, mzee akiwa ameketi nje anaota jua, kisha akaondoka kimyakimya.

Nasambu alikuwa uani akisuuza sufuria aliposikia kabati likifunguliwa. Ile sauti ya utotoni. Akasimama mlangoni, maji yakimchuruzika viganjani, akamwona baba yake ameshika kishikio, gumba limeingia mahali pake bila kutafuta. Mzee akatoa kikombe, akakipangusa kwa shati, akakirudisha. Akatoa kingine. Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyefika kutoka safari ndefu. Hakuulizia koti. Nasambu akataka kuita Baba.

Mzee akageuka, akamwona. Akamtazama usoni, kwenye mvi, kwenye mikunjo ya macho, kwa upole wote wa mwenye nyumba.

"Karibu, mama," akasema. "Ingia, usiogope, hapa ni kwangu. Unamtaka Nasambu wangu? Nimemtuma dukani. Ni mdogo lakini hakawii."

Shaba alikuwa ameizeesha hadi baba akaijua. Yeye alikuwa amezeeka hadi baba hamjui, na kwa hilo Kariobangi nzima haina dawa. Angeweza kusema ni mimi. Lakini aliuona mkono ule wa vidole vitatu umetulia juu ya mlango wa kabati, umefika, na akaogopa kuutikisa.

Akajifuta viganja kwenye leso, akavua malapa mlangoni, akaketi kwenye kiti cha wageni.

"Asante, mzee," akasema. "Nitamngoja."